Alupe Kuna Swali la Uzamifu

Barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba si ya watalii. Ukishaachana na kelele za mjini na wabadilishaji fedha wenye mabunda ya shilingi za nchi mbili mkononi, bodaboda inakupeleka kaskazini, Uganda ikiwa kushotoni mwako njia nzima, karibu kiasi kwamba simu inaweza kukukaribisha nchi jirani nawe bado umo Kenya. Muda si mrefu unafika Alupe. Kwa vijana, Alupe ni chuo kikuu: kilianza 2015 kikiwa chuo kishirika cha Moi, kikapewa hati yake 2022. Kwa wazee jina hilo lina uzito mwingine. Alupe ndiko walikopelekwa wenye ukoma, na baadaye wenye malale. Magonjwa yote mawili, ukiyatazama vizuri, ni magonjwa ya neva. Ukoma hula neva za mikono na miguu mpaka mtu ashike sufuria ya moto asihisi. Malale hupanda hadi kichwani.

Mpwa wangu ndiye aliyenirudisha kwenye jina hilo. Alimaliza shahada ya kwanza ya biolojia miaka miwili iliyopita, na tangu hapo anafundisha kwa kibarua katika shule ya sekondari mchana na kutuma maombi ya ufadhili usiku. Jumamosi moja tulikaa nje ya kibanda cha chai mjini Busia, akaagiza chai ya maziwa na mandazi mawili, akasema bila kuzunguka: “Mjomba, nataka uzamifu wa ubongo. Sitaki udaktari wa hospitali. Nataka kujua ubongo wenyewe unavyofanya kazi. Nianzie wapi?”

Nilimjibu kama wajomba wengi tunavyojibu: Marekani, Ujerumani, Uingereza, tafuta kwenye mtandao. Lilikuwa jibu la kivivu, na nilijua ni la kivivu kabla sijalimaliza. Jioni hiyo nilipanda bodaboda kwenda Malaba, tukapita Alupe, nikaona kwamba jibu nilikuwa nimelipita mara nyingi bila kugeuza shingo.

Taaluma anayoitamani inaitwa sayansi ya mifumo ya neva. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na mtu anaweza kutumia umri wake wote akichunguza namna seli moja inavyorusha mshtuko wake wa umeme. Hiyo ni kazi yenye heshima. Anayesoma mifumo hutafuta kitu kingine: seli elfu, au milioni, zinavyosemezana mpaka kitokee kitu kama kumbukumbu, usingizi, njaa, au kujua njia ya kurudi nyumbani. Mtu wa Malaba anaweza kulielewa jambo hili kuliko mtu wa mji usio na mpaka. Foleni ya malori inaporudi nyuma mpaka Amagoro na kupita, hutaielewa kwa kumhoji karani mmoja wa forodha, hata awe mkweli namna gani. Itabidi ujue mtandao wa kompyuta ulikatika saa ngapi, nani anasubiri hati kutoka Mombasa, upande wa pili wamefungua milango mingapi, na kwa nini gari moja lililokwama limewafungia njia mia. Foleni haimo ndani ya karani yeyote. Usingizi nao haumo ndani ya seli yoyote.

Usingizi ndio unaoturudisha Alupe.

Mwaka 1902 Uingereza iliuondoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yake ya Afrika Mashariki, na hivyo ndivyo Wateso na Wasamia walivyojikuta wamegawanywa na mstari ambao hawakuuchora. Mwaka huohuo Royal Society ya London ilituma tume Entebbe kuchunguza maradhi yaliyokuwa yakimaliza watu wa Busoga na pwani ya Ziwa Victoria. Daktari kijana wa Kiitaliano, Aldo Castellani, alichota maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa na kuona ndani yake vimelea vinavyoogelea, vile ambavyo leo tunajua husambazwa na mbung'o. Kufikia 1920 inakadiriwa watu zaidi ya 250,000 walikuwa wamekufa. Vijiji vizima vilihama, msitu ukarudi, mbung'o wakabaki.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikuwa na kituo cha utafiti wa malale Tororo, mji ambao mwamba wake unauona ukiwa Malaba siku isiyo na ukungu. Jumuiya ilipovunjika 1977, kituo kilibaki Uganda, na Kenya ikalazimika kuanza upya: ikaunda taasisi yake, KETRI, huko Muguga karibu na Nairobi. Alupe ikawa na hospitali ya taifa ya rufaa ya malale. Mgonjwa aliyefikishwa hapo akiwa amechelewa, vimelea vikiwa tayari vimeingia kwenye ubongo, alitibiwa kwa melasoprolo, dawa yenye aseniki ndani yake. Sumu ile ile ya panya. Iliponya wengi, lakini takribani watu watano katika kila mia waliotibiwa waliuawa na dawa yenyewe. Hebu fikiria kumsimulia mama hesabu hiyo, kwa Kiteso, mtoto wake akiwa kitandani.

Kwa jina la Kiswahili, malale, tungedhani mgonjwa hulala sana. Ndivyo jamaa zake walivyoona: mtu anasinzia kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni. Lakini Mfaransa Alain Buguet na wenzake, walipowafunga wagonjwa wa Afrika ya Magharibi na ya Kati vipimo vya usingizi kichwani kwa usiku na mchana mzima, walikuta kwamba jumla ya usingizi haikuwa imeongezeka. Kilichovunjika ni mpango wake. Usingizi uliofaa kukaa usiku ulikatikakatika na kumwagika mchana, na usiku mgonjwa akakesha akitembea. Mgonjwa alikuwa amepoteza saa.

Saa hiyo si ya mafumbo. Ndani kabisa ya ubongo, juu ya mahali neva za macho mawili zinapokutana, kuna kishada kidogo cha seli, kama 20,000 kwa panya. Kila seli ina mdundo wake unaokaribia saa 24. Zikiwa pamoja, zikipashwa habari na nuru ya jua kupitia macho, zinashika wakati wa mwili mzima: joto lipande lini, njaa ije lini, macho yawe mazito lini. Watu watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel 2017 kwa kuonyesha gurudumu la saa hiyo linavyozunguka ndani ya seli, na waliligundua kwa inzi wadogo wanaozunguka matunda yaliyooza. Inzi hao hata mimi ninawafuga, bila kukusudia, juu ya mkungu wa ndizi jikoni.

Sasa linakuja jambo ambalo nilipomsimulia mpwa wangu aliacha kutafuna. Mwaka 2018 lilitoka andiko katika jarida la Nature Communications lililosema waziwazi kwamba malale ni ugonjwa wa saa ya mwili. Mwandishi wake wa kwanza, Filipa Rijo-Ferreira, ni Mreno, na kazi hiyo ilitokana na utafiti wake wa uzamifu, uliofanywa kati ya Lisbon na Dallas. Aliwaambukiza panya vimelea vya malale na kuwaacha na gurudumu la kukimbilia. Panya mwenye afya hukimbia usiku na kupumzika mchana. Wale wagonjwa walianza kukimbia saa za kupumzika, kama mlinzi wa usiku aliyebadilishiwa zamu bila kuambiwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yeye na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba kimelea chenyewe kina saa yake ndani. Yaani mgonjwa wa Alupe alikuwa na saa mbili mwilini, moja yake na moja ya mgeni.

Simlaumu Filipa hata kidogo. Swali zuri ni la atakayeliuliza kwanza. Wala sisemi watafiti wetu walikaa bure: Muguga waliwatumia tumbili kufuata ugonjwa unavyotoka damuni hadi ubongoni, na kujaribu dawa na njia za utambuzi kabla hazijamfikia binadamu. Walikuwa wanazima moto, na anayezima moto hakai kuuliza moto ni nini. Ila nasema hivi: mgonjwa aliyekesha akizungukazunguka katika wodi ya Alupe alionwa na mamia ya watu, wauguzi, wafagiaji, jamaa waliokuja na chakula, na kila mmoja wao alikuwa na data mbele ya macho yake. Uzamifu ulikuwa umelala pale. Aliyeuamsha alikuwa Lisbon.

Ugonjwa wenyewe umetuondokea. Mkenya wa mwisho kuambukizwa katika maeneo yetu aliripotiwa 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitambua rasmi kwamba Kenya imeutokomeza ukiwa tatizo la afya ya umma, nchi ya kumi kufikia hapo. Hata aseniki inaelekea kustaafu, maana siku hizi kuna feksinidazolo, vidonge vya kumeza vilivyojaribiwa kwa malale ya aina yetu huko Malawi na Uganda. Hizi ni habari njema na sitaki kuzitia maji. Lakini saa ya mwili haijaondoka. Ipo kwa dereva wa lori, kwa muuguzi wa zamu, kwa mama anayeamka saa tisa usiku kukaanga mandazi, na haijui kwamba malale yametokomezwa.

Swali la pili la Busia linatembea kwa miguu minne.

Mtafiti Eric Fèvre, ambaye mwaka 2001 alikuwa ameonyesha na wenzake kwamba mlipuko wa malale wa Soroti, Uganda, uliletwa na ng'ombe walionunuliwa mnadani, baadaye aliongoza mradi mkubwa uliokuwa na maabara mjini Busia chini ya taasisi ya mifugo ya ILRI. Walizunguka maboma 416 na kupima watu 2,113 pamoja na mifugo yao. Katika kazi hizo za Busia, Lian Thomas na wenzake waliwavisha nguruwe kumi wa kienyeji mikanda ya setilaiti shingoni, wakawafuatilia. Matokeo yalitoka 2013. Nguruwe hao walikuwa nje ya boma la mwenyewe karibu nusu ya muda wao, na kwa saa 12 nguruwe alitembea wastani wa mita 4,340. Kilomita nne na zaidi! Watu walicheka, nami nilicheka, mpaka nilipofikiria anachokula njiani.

Anakula kinyesi cha binadamu, pale ambapo hakuna choo. Kama aliyekiacha ana tegu, nguruwe humeza mayai, na nyama yake hujaa malengelenge madogo meupe ambayo wachinjaji wanayajua vizuri. Ukila nyama hiyo bila kuiva, unapata tegu tumboni. Hadi hapo watu wengi wanajua. Wasichojua, na nimekuta hata walimu hawajui, ni kwamba malengelenge ya ubongoni hayatoki kwenye nyama. Hutoka kwenye mayai ya tegu yaliyoachwa na binadamu mwenzako, kwa mkono usionawa, mboga isiyooshwa, maji ya mto. Muislamu ambaye hajawahi kuonja nguruwe anaweza kuyapata akiwa jirani tu wa mwenye tegu. Na lengelenge likiwa kwenye ubongo, mara nyingi huleta kifafa linapoanza kufa, baada ya kukaa kimya kwa miaka.

Utafiti mkubwa wa kifafa uliochapishwa 2013, mwandishi wake wa kwanza akiwa Anthony Ngugi, ulipita kwa watu 586,607 katika vituo vitano vya Afrika: Kilifi, Ifakara, Agincourt, Kintampo, na Iganga. Iganga! Dereva anayevuka Malaba asubuhi anakunywa chai ya pili Iganga. Huko kifafa cha degedege kilikuwa kwa watu 10.3 katika kila 1,000, na katika utafiti mzima miongoni mwa vilivyoambatana nacho ni maambukizi ya vimelea, tegu wa nguruwe akiwa mmoja wao.

Kwa mwanafunzi wa mifumo ya neva, hapa ndipo utamu ulipo, kama neno utamu linaruhusiwa kwa jambo hili. Ubongo wenye afya ni kama soko la Busia siku ya mnada: kila mtu anasema lake, na makelele hayo ndiyo kazi yenyewe. Kifafa ni pale soko zima linapopiga ukelele mmoja kwa pamoja. Kwa nini lengelenge la ukubwa wa punje ya njegere liweze kulifanya soko zima lipige ukelele kwa mtu huyu, na kwa mwingine mwenye malengelenge sita lisiweze? Jibu halimo kwenye lengelenge. Limo katika namna seli zilizo kando yake zinavyounganishwa na za mbali. Hilo ni swali la uzamifu, na bei yake, kwa mwenye kifafa anayefichwa jikoni kwa sababu majirani wanadai amerogwa, haikadiriki.

La tatu nililiokota ziwani, nalitaja haraka kwa sababu linanichekesha. Ziwa Victoria lina samaki mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo, ambaye Waganda humwita kasulu. Wavuvi wanamjua kwa ladha. Wataalamu wa ubongo wanawajua jamaa wa ukoo wake kwa umeme: hutoa mapigo dhaifu kutoka mkiani na kuyahisi kwa ngozi, wakaona gizani kwenye matope bila macho. Tatizo ni kwamba samaki anayepiga kelele yake mwenyewe lazima aweze kuitenganisha na sauti za wengine. Ubongo wake hufanya hivyo kwa kutuma nakala ya amri, kana kwamba unasema “hiyo ni yangu, isahau”, kisha unaiondoa kwenye hesabu. Nathaniel Sawtell wa Columbia University, New York, amejenga maabara nzima juu ya hesabu hiyo. Na mwaka 1996 Göran Nilsson alipima jamaa mmoja wa kasulu kutoka Afrika ya Kati na Magharibi, akakuta ubongo wake unakula asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili. Wetu sisi, tunaojivunia akili, unakula kama asilimia 20. Samaki huyo anapanda ndege kwenda kusomewa uzamifu. Mpwa wangu hana viza.

Basi milango iko wapi?

Wa kwanza uko Kasarani, Nairobi, na watu wa sayansi ya ubongo huusahau kwa sababu juu yake pameandikwa wadudu. Taasisi ya icipe, iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo 1970, ina programu ya uzamifu ya ARPPIS tangu 1983. Mwanafunzi hufanya utafiti icipe na kupata shahada kutoka chuo kikuu kilichoshirikiana nayo. Mbung'o anapomtambua ng'ombe kwa harufu na kumpita mnyama mwingine asiyempenda, anafanya kazi ya ubongo: pua, neva, uamuzi, bawa. Merid Getahun, aliyesoma uzamifu kwenye taasisi ya Max Planck mjini Jena na kurudi Afrika Mashariki, anafanya kazi ya aina hiyo hapo icipe. Sioni kwa nini msichana wa Busia aanzie mbali zaidi ya Kasarani kama anaweza kuanzia hapo.

Wa pili uko Kilifi, kwenye mradi wa utafiti wa tiba wa KEMRI na Wellcome ulioanza 1989, ambako Charles Newton na wenzake wamejenga kwa miaka mingi utafiti wa malaria ya ubongo na kifafa, na ambako wanafunzi wa uzamifu wa Kiafrika wamefadhiliwa na kusimamiwa. Kazi nyingi pale ni ya wagonjwa na jamii kuliko ya mizunguko ya neva, na anayeingia ajue hivyo. Lakini kuna vipimo vya umeme wa ubongo, na mwenye swali la mifumo anaweza kulipenyeza.

Wa tatu si wa uzamifu wenyewe, ni ngazi ya kuufikia. Mwaka 2011 Tom Baden, Lucia Prieto-Godino na Sadiq Yusuf walianza shule fupi ya sayansi ya neva katika Kampala International University, tawi la Ishaka, magharibi mwa Uganda, wakiwatumia inzi wale wale wa ndizi. Kutokana na kazi hiyo kuna shirika la TReND in Africa. Hoja yao ilikuwa rahisi: panya wa maabara ni ghali, inzi analishwa unga na sukari. Miaka kadhaa baadaye Baden na Prieto-Godino walikuwa miongoni mwa waliochapisha michoro ya hadubini na vifaa vya kuchochea neva kwa mwanga, vinavyotengenezwa kwa printa ya pande tatu, kwa gharama ya euro 100 hivi. Asiyejua kwamba inzi ana la kufundisha aangalie Oktoba 2024, ilipotoka ramani kamili ya ubongo wa inzi jike mzima: seli 139,255 na miunganisho yake yote, bure, kwa yeyote mwenye intaneti. Ramani hiyo inafunguka Busia sawasawa na Boston, umeme ukiwepo. Na anayetaka hesabu zaidi kuliko maabara, Cape Town kuna Imbizo, shule ya wiki kadhaa ya sayansi ya neva ya kikokotozi, iliyoanza 2017.

Halafu ng'ambo. Marekani wanapokea mtu mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamifu wa miaka mitano au sita, karo ikilipwa na posho ya kuishi juu yake. Maombi mengi hufungwa Desemba, na ada ya maombi unaweza kuomba usamehewe kwa barua pepe ya mistari mitatu. Watu hawaombi kwa aibu tu. Ulaya kwa kawaida wanataka uzamili kwanza. Munich kuna shule ya uzamifu ya mifumo ya neva katika chuo kikuu cha LMU tangu 2006. London kuna Sainsbury Wellcome Centre, ambayo mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa John O'Keefe, yule aliyegawana Nobel ya 2014 kwa kugundua seli zinazojua ulipo. Uzamifu wake ni wa miaka minne. Lisbon kuna Champalimaud, kando ya mto Tagus. Japani kuna OIST, kisiwani Okinawa, inayochukua wanafunzi wa nchi zote na kuwagharimia. Prieto-Godino mwenyewe sasa yuko Francis Crick Institute, London, na miongoni mwa wadudu anaochunguza neva zao za harufu ni mbung'o. Nilimwambia mpwa wangu mdudu wa kwao ana maabara London, akanitazama kama ninamtania.

Lazima niseme na upande mchungu. Andiko la mwaka 2021 la Mahmoud Bukar Maina na wenzake lilipitia machapisho 5,219 ya sayansi ya neva yaliyotoka maabara za Afrika kati ya 1996 na 2017, na nchi zilizoongoza zilikuwa Misri, Afrika Kusini, Nigeria, Morocco na Tunisia. Sisi hatumo kwenye tano hizo. Tulichokuwa nacho kwa wingi ni sampuli. Miaka ya nyuma mimi mwenyewe niliwahi kufanya kibarua cha utafiti, mradi siutaji, nikibeba kisanduku cha barafu kutoka kijiji hadi kijiji, nikijaza fomu ambazo maswali yake sikuelezwa yalikusudia nini. Nilipouliza matokeo yatarudi lini, msimamizi alinijibu kwa upole kwamba hilo halikuwa sehemu ya kazi yangu. Upole wake ndio ulioniuma. Kuna uzamifu wa namna hiyo pia: unaitwa mwanafunzi, unachota damu au kinyesi miaka mitatu, anayejua kusoma data yuko kwingine, na jina lako linakaa katikati ya orodha ya waandishi kama abiria wa matatu aliyebanwa kwenye kiti cha nyuma. Kabla hujasaini, muulize msimamizi nani atachambua data, na uzungumze na mwanafunzi wake wa zamani akiwa hayupo.

Nikarudi kwa mpwa wangu, tukaitazama barua ya maombi ya uzamifu aliyokuwa ameandika. Ilianza kwa kusema yeye ni mchapakazi, ana shauku kubwa, na ameipenda sayansi tangu utotoni. Wanasayansi wanapokea barua hiyo kila siku, majina tu yanabadilika. Nilimwomba aifute. Nikamuuliza ni nini hasa anataka kujua, akanyamaza, chai ikapoa. Kisha akasema baba wa rafiki yake ni dereva wa masafa marefu, Mombasa hadi Kigali, na amekuwa akiona kwamba mzee huyo akiwa nyumbani huamka saa nane usiku hata akiwa na wiki nzima ya mapumziko, anakaa sebuleni gizani. “Saa yake imekwama barabarani,” alisema. “Nataka kujua inakwama wapi.”

Hiyo ikawa sentensi ya kwanza. Haikuwa na Kiingereza cha madoido, na nilimkataza kuipamba.

Jioni ile nilikuwa nimefika Malaba peke yangu. Safari iliyofuata nilikwenda naye. Ilikuwa saa mbili usiku. Tangu vituo vya pamoja vya mpakani vianze, abiria wa kawaida hupita haraka, anagongewa muhuri pande zote mbili chini ya paa moja, lakini malori bado yana usiku wao. Yalikuwa yamejipanga taa zikiwa zimezimwa, mengine wamefunga khanga kwenye vioo, wengine wamelala chini ya tela juu ya kadibodi. Wauza mayai walipita katikati, na miraa, na kahawa kwenye birika refu juu ya makaa.

Mpwa wangu alimsalimu dereva mmoja aliyekuwa ameegemea gurudumu akimenya yai. Akampa shikamoo, mzee akaitikia marahaba. Akatoa daftari.

“Baba, samahani. Mara ya mwisho ulilala saa ngapi?”

Dereva alilitazama lile yai, akamtazama na yeye.

“Kulala kwa kitanda ama kulala tu?”

Akaandika swali hilo kwanza, kabla ya jibu.